Bibi jirani anasema hana la kusimulia: nimwulize vipi?

MwalimuMuheza

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada kwa nyinyi mliowahi kukaa na mzee mkaandika habari za maisha yake.

Nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Muheza, anaishi bibi mmoja na mjukuu wake wa kike aliye darasa la sita. Mtaa mzima tunamwita Bibi tu. Amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu usichana mpaka mwili ulipokataa, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Mimi ni mgeni Tanga, kwetu Singida, ajira ndiyo iliyonileta. Mkonge nilikuwa naujua wa kitabuni: Hindorf aliuleta mwaka 1893, Tanganyika ikaja kuongoza dunia, mwaka 1964 zikapatikana tani zipatazo 230,000, kisha nyuzi za plastiki zikaja na bei ikaanguka. Naufundisha hivyo hivyo. Na Bibi, ambaye singa (nyuzi za mkonge) za mwaka huo wa 1964 zilipita mikononi mwake, anakaa hatua chache kutoka mlangoni kwangu na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu.

Aliyenisukuma ni huyo mjukuu. Darasani tulikuwa tunataja asili za familia zetu. Zamu yake ilipofika akanyamaza. Baadaye akanifuata ofisini. "Mwalimu, mimi sijui sisi ni watu wa wapi. Bibi akihesabu hela anahesabu kwa lugha ambayo hata mama haijui." Hapo nikaona kuna safari ndefu ambayo haijasimuliwa, na aliyebaki nayo kichwani ni mtu mmoja.

Nimemwomba Bibi ruhusa, amekubali, tena kwa furaha. Jioni baada ya alasiri tunakaa barazani kwake. Lakini kila nikiuliza, jibu ni lile lile: "Mimi sina historia, mwanangu. Nilikuwa naanika singa tu. Nenda kwa yule mzee wa kule juu, yule alikuwa karani." Nikiuliza mwaka, ananiambia "zamani za Mzungu" au "kabla sijampata huyu kaka yao." Nikiuliza maisha yalikuwaje, anasema yalikuwa magumu, halafu yeye ndiye anayeniuliza mimi habari za mshahara wangu.

Juzi tukafika mahali. Akaanza kusimulia kambi, zile nyumba za mstari, na mtoto wake wa kwanza. Alipofika kwa huyo mtoto akasema, "Zima hiyo simu." Nikazima. Akamimina chai, tukaongea habari za mvua.

Tena yupo kijana wake mkubwa, anaishi Tanga mjini. Kasikia mama yake anarekodiwa, akanipigia. Aliongea kwa heshima, lakini mashaka niliyasikia: haya maandishi yanakwenda wapi, na je, yanahusu kiwanja?

Nataka kuifanya kazi hii vizuri. Maswali niyaanze vipi? Miaka niipate wapi kwa mtu asiyehesabu kwa kalenda? Na pale aliponiambia nizime simu, nifanye nini?

---

MjukuuWaManamba

Mwalimu, hongera kwa kuliona hilo. Mimi ni mzaliwa wa kambini, Korogwe. Babu yangu aliletwa kutoka Songea. Nimeandika habari za bibi yangu mzaa mama na za wazee wengine kadhaa wa kambi yetu kabla hawajatutoka, kwa hiyo ninayokuambia nimeyafanya kwa mikono yangu.

Usimwombe akusimulie maisha yake. Mwombe akufundishe kazi yake. Kwa mzee wa kambini maisha ya kuandikwa ni ya wakubwa, ya karani, ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Lakini kazi anaijua, na hakuna wa kumpinga. Mwambie, "Bibi, mimi sijawahi kuanika singa. Ikitoka korona (ile mashine ya kuparua majani) inakuwaje? Imelowa? Mnaibeba vipi? Ile kamba ya kuanikia ilikuwa inakufika wapi, kifuani au kichwani? Mvua ikianguka ghafla nani anakimbilia nini?" Utaona anainuka kwenye mkeka akuonyeshe. Bibi yangu naye alidai hana neno, lakini nilipomwuliza kuhusu vumbi la brashi (mashine ya kusafishia singa kavu) tu, tulikaa mpaka magharibi: kanga walizifunga vipi puani, nani alikohoa mpaka akarudishwa kwao, msimamizi gani aliwaruhusu kutoka nje kuvuta hewa na yupi aliwakatalia.

Kutoka kwenye kazi utafika kwenye kipande, yaani kadi ya siku za kazi. Mwulize kadi yake ya siku 30 ilijazwa vipi, na siku akiugua ilikuwaje. Kutoka kwenye kipande utafika kwenye posho, unga ulipimwa kwa nini, maharage yalikuwa na wadudu au hayana. Ukishafika kwenye posho umefika jikoni kwake, na jikoni ndiko waliko watoto, mume, majirani, ugomvi, harusi na misiba. Huna haja ya kuuliza "maisha yalikuwaje." Hilo ni swali ambalo hata mimi na wewe hatuwezi kulijibu.

Miaka sasa. Usimwulize mwaka hata mara moja. Mwulize wakati huo alikuwa amebeba mtoto gani mgongoni, na huko nje kulikuwa na jambo gani. Chukua karatasi, upande mmoja andika uzazi wake kwa mpangilio, upande wa pili andika mambo ya nchi ambayo hakuna aliyeyakosa. Alikuwa ameolewa siku ya Uhuru, Desemba 1961, au bado? Alilipwa kwa zile senti za tundu katikati, au kwa hela yenye kichwa cha Nyerere? Shilingi ya Tanzania ilitoka Juni 1966, kwa hiyo hapo una mstari mzuri wa kugawa. Nani alikuwa meneja serikali ilipotaifisha mashamba mwaka 1967? Walichimba choo wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, 1973? Wakati wa vita ya Amin, mwishoni mwa 1978 mpaka 1979, nani wa ukoo alikwenda? Sokoine alipofariki, Aprili 1984, alikuwa bado kazini? Ule unga wa Yanga, mahindi ya njano ya msaada, wote wanaukumbuka, lakini uwe nao makini: watu waliula katika njaa ya 1974 na wakaula tena miaka ya themanini mwanzoni, kwa hiyo ukitajiwa huo tafuta na jambo lingine la kushikizia.

Kuhusu asili: nina hakika karibu kabisa baba yake alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka mbali. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na ikachota watu Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi, mpaka Msumbiji. Mwulize walikujaje. Akikuambia walishuka treni wakapandishwa lori, mwamini, kwa sababu reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa mpaka mwaka 1963. Na anavyohesabu hela kwa lugha ya kwao, mrekodi kesho asubuhi, usingoje. Moja mpaka mia. Mjukuu akae hapo hapo ajibu naye.

Kijana wake usibishane naye kwenye simu. Hofu yake ina msingi. Mashamba mengi ya mkonge yalitelekezwa, watu wakalima humo miaka na miaka, leo kuna kesi za mipaka kila kona, na maneno ya mzee aliyerekodiwa yanaweza kupelekwa mahali asipopajua. Mwite aje akae nanyi. Wewe usiulize nani aligawiwa shamba lipi wala mpaka ulipita wapi. Bibi akiyataja mwenyewe, yaruke kwenye maandishi, na mwambie kijana kwamba utayaruka.

---

NesiMstaafu

Mwenzangu hapo juu kasema mengi ya maana. Mimi naongeza yanayohusu mwili wa mzee, maana huko ndiko nilikofanya kazi.

Mwanangu, alasiri huenda si saa yake. Wazee wengi akili iko wazi asubuhi, baada ya uji na kabla ya joto. Mchunguze wiki hii uone ni saa ngapi anaongea bila kutafuta maneno. Kaa upande wa sikio linalosikia, na mwanga ukuangukie wewe usoni, asilazimike kukodoa macho kukutazama. Kwa aliyefanya kazi kwenye korona miaka mingi, mlio ule wa mashine haukuacha masikio salama, na wengi wanaitikia "ndiyo" ili wasikusumbue kurudia. Ukiona "ndiyo" zimekuwa nyingi, nyamaza, ongea taratibu, au acha mpaka siku nyingine. Maji ya kunywa yawe karibu. Akianza kushika nyonga au kujisogeza sogeza, umemaliza kwa siku hiyo hata kama habari imenoga.

Anapokuuliza mshahara wako, mjibu. Anataka kujua yuko na nani. Wewe unataka uzazi wake, ndoa yake na njaa yake, na kwake wewe ni mtu aliyeshuka kwenye basi kutoka Singida. Mwambie mshahara, mwambie mama yako anaitwa nani, mwambie kwa nini hujaolewa kama hujaolewa. Na usiende mikono mitupu. Nusu kilo ya sukari, sabuni ya kipande, siyo kama malipo. Ndivyo mtu anavyoingia kwa mama yake.

Sasa la simu. Wanawake wa umri ule walizika watoto, na wengi walizika bila kupewa nafasi ya kulia, maana kesho yake kengele ya kazi iligongwa. Kliniki tulifundishwa kuuliza uzazi wa ngapi na walio hai ni wangapi, na nimeona wanawake wakitazama ukuta kwa muda mrefu kabla ya kujibu hilo la pili. Wewe usiliulize. Ulifanya vizuri kubaki ukanywa chai. Ungeondoka hapo hapo angeona kwamba ulifuata maneno tu. Nenda tena siku moja bila simu, bila daftari, ukamsalimie tu. Akirudi mwenyewe kwenye habari ya mtoto, sikiliza mpaka mwisho, halafu uliza kitu kimoja tu: "Unataka niliandike hili?"

---

KalamuYaMtwara

Shikamoo Nesi. Naheshimu ulichosema lakini naomba nitofautiane nawe kidogo.

Baba yangu alikata mkonge huko Tanga akiwa kijana kabla ya kurudi Newala. Alikuwa na kovu refu kwenye paja na hakupenda kulizungumzia. Sisi watoto tuliona ni adabu kutouliza. Amefariki, na leo wanangu wakiniuliza babu aliumia vipi sina jibu, wala hakuna mtu duniani mwenye jibu. Alikata majani kwa bunda, thelathini thelathini, akafunga, akabeba mpaka kwenye reli ya troli, akatuma hela tukasoma, na sehemu nzima ya maisha yake iliyotulisha imekwenda naye.

Kwa hiyo, Mwalimu, mimi nasema hivi: simu izimwe, sawa, hiyo ni amri yake. Lakini usiku ukifika nyumbani, andika kwenye daftari lako alichokuwa anasema kabla hajakukatiza. Lifungie. Usimwonyeshe mtu. Miaka ishirini ijayo yule mjukuu atakuja kukuuliza, na wewe utakuwa na kitu cha kumpa.

---

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzee. Maumivu yako nayaelewa, na ni kweli kimya kina hasara.

Lakini huyu mama yuko hai, na akili zake timamu. Baba yako huwezi kumwuliza tena. Huyu anaweza kuulizwa. Kuandika kwa siri maneno ya mtu aliye hai, tena aliyekuambia acha, ni kumnyang'anya. Na Muheza si kubwa. Daftari la mwalimu likionekana na mtu mmoja, kesho ni habari ya kisimani. Yeye ndiye mwenye msiba, yeye ndiye atakayesema nini kiandikwe na nani akisome.

---

KalamuYaMtwara

Sawa, mama. Basi aulizwe. Lakini aulizwe kweli, isiwe tunangoja mpaka awe hayupo halafu tuseme tulimheshimu.

---

MwalimuMuheza

Nimerudi. Ahsanteni sana, kila mmoja wenu. Nimeyasoma maneno yenu tena na tena. Nawapa taarifa, kisha nina swali lingine.

Mazungumzo niliyahamishia asubuhi, Jumamosi na Jumapili. Nikaenda kwa fundi mmoja anayesokota kamba, akanipa fungu la singa, nikamwekea Bibi mapajani bila kusema kitu. Akalishika, akalinusa, akalivuta kati ya vidole. "Hii imenyeshewa," akasema. "Angalia rangi. Hii daraja la chini." Akasimama. Kamba ya kuanikia nguo ikawa kamba ya singa, akanionyesha jinsi ya kukung'uta kabla ya kutupa juu, jinsi ya kuitandaza isibebane, na kwa nini mpya aliwekwa katikati ya wazoefu wawili, ili asiwacheleweshe. Aliniambia maji ya mkonge yalivyowasha: mikono inavimba, unajikuna usiku kucha, na mtoto ukimshika na yeye anaanza kujikuna, kwa hiyo walijipaka mafuta ya nazi mpaka viwiko kabla ya kumnyonyesha mtu. Vidole vyake viwili havikuumizwa na mashine kama nilivyodhani. Ni mwiba wa ncha ya jani, aliochomwa siku moja aliposaidia kupanga majani. Kidonda kikaoza, na hakwenda kwa daktari wa shamba kwa sababu zilikuwa zimebaki siku chache kipande kijae.

Safari yao sasa. Mjukuu alikuwa pale, ameshika simu yeye mwenyewe. Ni Waha, kutoka upande wa Kasulu. Baba alitangulia, akarudi mkataba ulipoisha, akawachukua. Bibi alikuwa mdogo lakini anakimbia mwenyewe. Anakumbuka treni ilivyopiga kelele usiku, na mama yake akimkataza kula chakula walichogawiwa njiani mpaka yeye aonje kwanza. Kisha lori. Nikamtazama mjukuu maana tulikuwa tumeambiwa hapa kuhusu lori! Walipofika kambini waliwekwa mstari wa Waha, jirani na mstari wa Warundi waliosikilizana nao, na mama yake akafurahi kupata wa kuongea naye. Anavyohesabu tumemrekodi. Mtoto amefika ishirini bila kusaidiwa na anawasumbua wenzake mstarini.

Miaka imekaa kwenye karatasi kama mlivyosema. Siku ya Uhuru alikuwa ameshaolewa, hana mtoto. Kipande chake cha kwanza kililipwa kwa hela ya mfalme wa Uingereza. Na kuna hili la kijana wake mkubwa. Alikuja, akakaa pembeni na shati lake la kazini, hakusema. Bibi akawa anasimulia meneja Mzungu alivyokuja kuwaaga shambani, wanawake wakiwa kwenye kamba za singa, wengine hawakujua waendelee au wasimame. "Na huyu nilikuwa namnyonyesha," akamwonyesha kijana wake. Mashamba yalitaifishwa mwishoni mwa 1967. Karatasi zote za huyo kijana zinasema alizaliwa 1970. Yule kijana alikaa kimya, akamwuliza mama yake, "Mimi nilizaliwa kiangazi au masika?" Tangu hapo anapiga simu kila Ijumaa kuuliza tumefika wapi, na juzi katuma hela ya betri za redio ya Bibi.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni kisomo. Mimi ni mwalimu na miezi yote hii nilidhani Bibi hajui kusoma, kwa sababu hajawahi kuniomba kitabu wala gazeti. Anajua. Walisomea kwenye banda la kambini jioni baada ya kazi, mikono inawasha, chaki inateleza. Mtihani wa taifa wa 1975 aliufanya, akafika hatua ya nne, ile ya juu kabisa. Kabla ya hapo siku ya mshahara alichovya dole gumba kwenye wino. Siku aliyoandika jina lake kwa mara ya kwanza mbele ya karani, karani akamwambia arudie, akidhani kafundishwa herufi hizo tu. Akarudia. Akaandika na jina la karani pembeni. Alinisimulia hilo akiwa amenyoosha mgongo, na nilikosa la kusema. Nimefundisha watoto wengi kuandika majina yao na sijawahi kuifikiria kazi yangu namna ile.

Na lile la simu. Nilikwenda siku moja mikono bure ila sukari. Tukachambua mchicha. Akalianza mwenyewe, akalimaliza mwenyewe, sitalisema hapa. Nikamwuliza kama Nesi alivyonielekeza. Akafikiri. Akasema niandike jina la mtoto na mahali alipozikwa, basi, na wajukuu wote wasome. Jina hilo halikuwa limeandikwa popote. Sasa limeandikwa, na yaliyobaki ni yake.

Swali langu: naanza kuandika sasa kutoka kwenye rekodi. Bibi anaongea Kiswahili cha kambini, kina Kiha ndani yake, kina Kibondei, sentensi nyingine anaziacha nusu anamaliza kwa mkono. Nikiandika kwa Kiswahili sanifu kama cha mtihani kinasomeka vizuri, lakini nikisoma sauti yake siisikii. Nifanyeje? Na nikimaliza, nakala ziwekwe wapi zisipotee?

---

MjukuuWaManamba

Mwalimu, nimekusoma nikiwa kazini na nimelazimika kutoka nje kidogo. Hiyo habari ya jina la karani ningeiweka ukurasa wa kwanza.

Andika anavyoongea. Usimsahihishe ngeli, usimwongezee maneno ya ofisini, usimfanye aseme "changamoto" kama hakusema changamoto. Pale anapomaliza kwa mkono, andika kwenye mabano alichofanya mkono: (anakung'uta), (anapima urefu kifuani). Kinachohitaji kuguswa ni mpangilio tu, kwa sababu ataruka kutoka treni mpaka unga wa Yanga na kurudi. Weka vipande kwa mfuatano wa ile karatasi ya uzazi. Maswali yako yafute, isipokuwa pale ambapo bila swali jibu halieleweki. Majina ya vijiji vya Kasulu mtafute Muha mwingine akusaidie kuyaandika, maana sisi watu wa huku tunayaharibu, na jina likiharibika mjukuu hataweza kuifuata njia hiyo kurudi. Mwambie Bibi akutajie pia majina ya wenzake wa kwenye kamba. Wengi wao hapo ndipo pekee watakapoandikwa.

Ukimaliza msomee yote kwa sauti, kijana wake akiwepo, kidogo kidogo. Atakukatiza, atasema hapana, siyo hivyo. Hapo ndipo utapata nusu nyingine ya habari. Anachotaka kitolewe kitoe mbele yake, na rekodi yake ifute ikiwa atataka.

Nakala: rekodi zitoe kwenye simu leo hii, weka kwenye kadi mbili, moja kwako na moja kwa kijana wake Tanga, na kila faili lipe tarehe. Usizipitishe kwenye makundi ya WhatsApp. Maandishi yachapwe: moja ya Bibi, moja ya mjukuu, moja ya kijana, na wakiridhia, moja ipeleke ile sehemu ya East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna mengi yaliyoandikwa kuhusu mkonge na wenye mashamba. Ya waanikaji singa ni machache mno.

---

NesiMstaafu

Nakala yake ichapwe kwa herufi kubwa na karatasi isiyong'aa, mwanangu. Atataka kuisoma mwenyewe.

---

MwalimuMuheza

Nitafanya hivyo. Muha wa kunisaidia majina ya vijiji nimeshampata, ni fundi cherehani hapa sokoni, kwao ni Kasulu hasa. Keshokutwa nampeleka kwa Bibi. Nimemwambia Bibi, kaniagiza nimletee samaki wabichi, kwa sababu mgeni wa kwao hawezi kupewa mchicha.